Mwanga wa Ubavuni

Kikapu kikipigwa picha uwanjani saa saba mchana hupoteza karibu kila kilichokifanya kiwe kikapu. Jua la Usoke, mkoani Tabora, saa hizo liko utosini. Juu kunawaka nyeupe, chini ya ukingo panaingia kivuli cheusi tii, na mishono inayounga ukili mmoja na mwingine, ile iliyomkalisha msukaji jioni baada ya jioni, haionekani. Zambarau aliyoipata kwa kuchemsha ukindu na kuugeuzageuza sufuriani inatoka kijivu. Mtu aliye Dar es Salaam anaitazama picha hiyo, anaona kitu cha duara chenye mikono miwili, anauliza bei, anaambiwa elfu ishirini na tano, anajibu kwamba vya plastiki Kariakoo havifiki hata elfu tano. Kwa picha aliyoletewa, hana kosa. Hakuonyeshwa kazi. Kaonyeshwa umbo tu, na umbo hata plastiki inalo.

Shangazi yangu anasuka vikapu na mikeka, yeye na wenzake wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Jirani yao mmoja anafinyanga vyungu, na mzee wa nyumba ya tatu anachonga vigoda na miiko ya mninga. Wote walizoea kuuza kwa mnunuzi aliyesimama mbele yao: gulioni, kituoni treni inaposimama, au kando ya barabara ya kwenda Urambo na Kaliua. Mnunuzi wa namna hiyo hushika, hupima uzito mkononi, hupitisha kidole kwenye ukingo, hata kunusa hunusa. Siku hizi mnunuzi yuko mbali na anachopata ni picha peke yake. Vidole vyake vimebaki huko aliko, basi picha ndiyo ifanye kazi ya vidole. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuhangaika na mwanga.

Habari za mwanga nilizipata mapema, kwa bahati. Nilipomaliza shule nilipata kibarua kwenye studio moja ya picha Tabora mjini, enzi za filamu, watu wakija kupiga pasipoti na picha za harusi mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kukunjua pazia na kubeba taa. Mwenye studio, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa na taa mbili: moja kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe, na moja ndogo ya upande wa pili. "Hii inaimba," alikuwa akisema huku akiigusa ile kubwa, "na hii inaitikia. Zikiimba zote kwa sauti moja, uso unalala." Mtu wa Unyamwezi hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mababu zetu walibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa nyimbo za mmoja kuanza na wengine kupokea.

Studio ile imefungwa zamani. Taa inayoimba na taa inayoitikia nimezikuta tena nyumbani kwa shangazi, bila kununua chochote.

Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, yenye sebule iliyofungua dirisha kusini na stoo ya nyuma iliyofungua dirisha dogo kaskazini. Bati ni la zamani. Misumari imeng'olewa na kugongwa upya mahali pengine, ikaacha matundu. Jua likipanda, matundu yale yanamwaga madoa ya mwanga sakafuni. Tundu la msumari uliopindishwa lina pembe na mikwaruzo, lakini doa lake sakafuni ni duara safi. Mtu anaweza kuishi na madoa hayo umri wake wote asijiulize kwa nini.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Watu walisafiri mpaka Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona likigeuka pete. Sisi Usoke tulipata fungu letu: mwezi ulilila jua likabaki ukucha. Nilikuwa sebuleni kwa shangazi, na sikuhitaji kutazama juu, maana madoa yote ya sakafuni yaligeuka hilali kwa pamoja, hilali tele zimetapakaa juu ya mkeka, zote zimeelekea upande mmoja. Kumbe siku zote kila tundu lilikuwa likichora jua. Shangazi aliacha kusuka, akaweka kiganja chini ya mojawapo, akaitazama ikikaa pale mkononi mwake mpaka ilipoanza kunenepa.

Baadaye nilisoma kwamba Ibn al-Haytham, msomi wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki karibu mwaka 1040, alilichunguza jambo hilohilo: jua lililopatwa na mchoro wake kupitia tundu. Aliona kwamba tundu likiwa dogo hilali hutokea wazi, na likipanuliwa hilali hufifia na kupotea. Nilipolisoma hilo nilielewa kile ambacho yule mzee wa studio alikuwa akikifanya kwa kitambaa chake cheupe bila kunieleza sababu. Mwanga unaotoka mahali padogo huchora kwa ukali. Kivuli chake kina mpaka, na kila unyuzi unang'aa upande mmoja na kuzama gizani upande wa pili. Mwanga unaotoka mahali papana hauna mpaka mkali, huingia mpaka ndani ya mikunjo. Jua ni kubwa kupita akili, lakini kwa umbali lilioko upana wake angani ni kama nusu ya nyuzi moja, ukinyoosha mkono unalifunika kwa kidole cha mwisho. Kwa kikapu kilichowekwa uwanjani, jua ni tundu la msumari. Dirisha lililotundikwa shuka jeupe ni habari nyingine kabisa. Hapo shuka lenyewe ndilo taa, nayo ni taa ya upana wa mita nzima, iliyo hatua moja tu kutoka kwenye kikapu. Ukikisogeza kikapu karibu zaidi, taa inazidi kuwa pana kwake na kivuli kinazidi kulainika. Ukikirudisha nyuma, ukali unaanza kurudi. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Kuna meza ya kusogeza.

Basi tunaisogeza meza mpaka dirisha liwe ubavuni mwake. Juu ya meza tunalaza karatasi mbili za manila zilizoungwa, na mwisho wake tunaupandisha ukutani kwa mteremko, bila kukunja kona, ili nyuma ya kikapu pasiwe na mstari wa kukatiza. Dirishani tunatundika shuka jeupe lililochakaa kwa kufuliwa, maana jipya ni zito na linazuia mno. Chandarua cheupe nacho kinafaa kikikunjwa mara kadhaa. Cha bluu hakifai, kitapaka bluu kila kitu. Upande wa pili wa kikapu, mkabala na dirisha, tunasimamisha ubavu wa boksi la sabuni uliobandikwa karatasi za daftari. Huo ndio unaoitikia. Unarudisha mwanga kidogo kwenye upande wa kivuli, na kwa kuusogeza mbele au nyuma unaamua kivuli kiwe kizito kiasi gani. Wengine hupenda kubandika karatasi ya fedha. Kwa kioo au shanga inaweza kusaidia. Kwa ukindu naona inapiga kelele.

Simu inakaa juu ya tofali, imeegemea kifuko cha choroko, na inapiga yenyewe kwa kipima muda ili mkono usiitikise. Kioo cha lenzi hufutwa kwanza kwa kitambaa laini, kwa kuwa simu ya mtu anayepika, kulima na kunyonyesha haikosi mafuta. Halafu unagusa kikapu kwenye skrini na kupunguza mwanga kidogo, mpaka sehemu nyeupe kabisa ianze kuonyesha nyuzi zake. Usiinamie karibu: ukisogea mno, lenzi ya simu inavimbisha tumbo la chungu na kudhoofisha kitako chake, na mfinyanzi atakuuliza ni chungu cha nani hicho. Rudi nyuma hatua moja, kisha kata kingo za picha baadaye.

Lakini yote hayo ni maandalizi. Kazi yenyewe ni pembe ya mwanga. Mwanga wa mbele, kama ule wa taa ya simu, huingia katika kila shimo na kulijaza, na kitu chenye maelfu ya mashimo madogo hutoka tambarare. Mwanga wa ubavuni hupita juu ya uso wa kitu kwa mshazari. Kila unyuzi ulioinuka hupata ukingo wake wa mwanga na kivuli chake chembamba. Mara ya kwanza tulipoipata pembe hiyo sawasawa, nilimwonyesha shangazi skrini. Aliishika simu akaisogeza mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake, kisha akaanza kuupita ukili kwa ukucha wake juu ya kioo: juu ya miwili, chini ya miwili, juu ya miwili. Ukucha ukasimama.

"Hapa ndipo nilipounga," akasema.

Nikatazama. Palikuwa na ncha ya mwaa ulioisha, imechomekwa chini ya mwaa mpya, na mwaa mpya umeanzia nyuma kidogo ili mkazo usipotee. Kwenye kikapu chenyewe nisingepaona.

"Imeharibu, shangazi? Tukigeuze upande mwingine?"

"Uache hivyo hivyo. Anayejua kusuka akiona hapa atajua huyu mtu amefundwa."

Tangu siku hiyo hatufichi maungio. Naamini, na hili nalisema kwa moyo wote, kwamba anayeuza kazi ya mikono huku akificha mahali mkono ulipopita anaipunguzia bei kazi yake mwenyewe. Mashine haina maungio ya namna ile. Kinachomfanya mnunuzi atoe elfu ishirini na tano badala ya tano ni kuona kwamba kuna mtu aliyekaa, akafikia mwisho wa mwaa, akaamua aunge vipi.

Kuhusu dirisha lipi, niliwahi kupotezewa muda na vitabu. Vitabu vya Ulaya husema mchoraji na mpiga picha watafute dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii kamwe. Huko kwao ni kweli kwa sehemu kubwa. Usoke iko nyuzi tano hivi kusini ya Ikweta, na jua letu lina pande mbili. Mwezi wa Juni linapita kaskazini mwetu mchana kutwa, na dirisha la kusini linakaa kwenye kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Mwezi wa Desemba limehamia kusini, na dirisha lilelile linapigwa jua. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa. Tena utosini penyewe halifiki saa sita kamili: saa za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 32, kwa hiyo jua letu linachelewa kama dakika hamsini. Anayetaka kujua mchana wa Usoke asimamishe kijiti uwanjani na kutazama kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Saa ya ukutani itamwambia inakaribia saa saba. Hivyo dirisha la picha huku hufuata msimu, kama shamba linavyofuata.

Wazee wa zamani walikuwa na jibu lao. Wakati wa shule tulipelekwa Kwihara, nje ya Tabora, kuona tembe lililojengwa upya pale alipokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Waliofika hapo wengi huangalia barua na ramani. Mimi nilibaki barazani, chini ya paa lililotokeza mbele, nikashangaa jinsi nyuso za wenzangu zilivyopendeza pale. Baraza yenye paa ina mwanga unaotoka upande mmoja tu, jua lenyewe haliingii, na uwanja mpana ulio mbele ndio unaokuwa taa. Asiye na dirisha zuri atumie baraza, ila ajihadhari na ardhi. Udongo mwekundu ukipigwa jua hurusha wekundu wake juu, na kitako cha kikapu cheupe kinakuwa na haya ya waridi ambayo msukaji hakuitia. Tandika shuka au magunia meupe chini mbele ya baraza, wekundu utaondoka. Na anayepiga picha asivae fulana nyekundu, maana naye ni ukuta.

Rangi ndiyo iliyotutesa kuliko kivuli, na aliyetuokoa ni mkulima wa tumbaku. Mkoa wa Tabora, hasa Urambo, Kaliua na Sikonge, umekula na kusomesha watoto kwa tumbaku, na tumbaku inauzwa kwa rangi. Jani likitoka bani, chumba cha kulikaushia, linachambuliwa kwa madaraja kabla ya kufungwa mitumba, na siku ya soko mteuzi anapita, anaangalia, anatamka daraja. Tofauti ya rangi ya limau na rangi ya chungwa ni ada ya shule. Mjomba wangu amechambua tumbaku tangu ujana. Aliingia siku moja sebuleni tukiwa tumewasha balbu ya manjano ili "kuongeza mwanga", akasimama mlangoni, akauliza:

"Mnachambua chini ya taa mbili?"

"Tunapiga picha, mjomba."

"Sawasawa tu. Zima hiyo. Jani moja chini ya taa mbili ni majani mawili."

Akatueleza kwamba yeye huchambua kivulini asubuhi, mlango ukiwa wazi na hakuna taa inayowaka, kwa sababu juani kila jani hujifanya zuri na chini ya balbu kila jani hujifanya limeiva. Jicho la mtu huzoea na kusamehe, simu haisamehe. Upande wa dirisha ukiwa na samawati ya anga na upande wa pili una umanjano wa balbu, simu itachagua mmoja na kuuharibu mwingine. Tulizima. Ukindu ukarudi kuwa ukindu.

Mvua zikianza, mchana wote ni shamba, na kikundi hukutana usiku. Hapo tunatumia boksi: pande mbili zinakatwa madirisha na kubandikwa karatasi nyeupe nyembamba, manila inateremshwa ndani, taa mbili za sola za aina moja zinawekwa nje, moja karibu na nyingine mbali, na nyingine zote chumbani zinazimwa. Taa inayoleta mistari inayotembea kwenye skrini haifai, hata iwe kali namna gani. Boksi linatosha kwa miiko, hereni, vibuyu vidogo. Kwa kikapu kikubwa tunasubiri asubuhi.

Vyungu na vigoda vina mambo yao. Chungu kilichochomwa kwa kuni na nyasi uwanjani kina mawingu, madoa meusi mahali moto ulipokosa hewa, na mnunuzi asiyejua hudhani ni uchafu. Mfinyanzi wetu mwanzoni alitaka tukigeuze upande safi. Tulipokipiga kwa dirisha pana, wingu likaonekana linavyozama polepole ndani ya wekundu, na mikwaruzo ya jiwe alilosugulia ikatokea kama alivyoipitisha, akabadili mawazo. Chungu cheusi kabisa kinahitaji karatasi nyeupe pande zote mbili, la sivyo kingo zake zinapotelea nyuma.

Kigoda cha mninga ni kigumu zaidi. Mzee wetu hukipaka nta ya nyuki na kukisugua kwa kitambaa mpaka kinang'aa, na kinachong'aa hakikuonyeshi rangi yake, kinakuonyesha kilicho mbele yake. Ukikipiga kwa taa ndogo, kinakuwa na vidoa vyeupe vikali kila mahali. Ukikipiga mbele ya shuka la dirisha, kinaakisi shuka. Na ukikizungusha kidogo kidogo, wakati mwingine upana wa vidole viwili tu, unafika mahali ule weupe unanyooka kufuata mkunjo wa mguu, unaonyesha hasa mchongaji alipolainisha na alipoacha alama za tezo. Hapo ndipo pa kusimama. Mzee hana subira na simu lakini ana subira na kigoda. Alikizungusha yeye mwenyewe, mimi nikasema lini.

Kulikuwa na kijana mtaani aliyejitolea kutusaidia kuuza, akazitia picha filta, zambarau ikawa inawaka usiku na mchana. Vikapu viliuzwa haraka, kisha mnunuzi mmoja wa mjini akavirudisha kwa basi, akisema si alivyoviona. Alikuwa na haki. Shangazi alilipa nauli ya kurudisha na hakusema neno, akavitundika tena ukutani. Kwangu mimi picha ya biashara ni ahadi. Kando ya kikapu tunaweka kitu kinachojulikana kwa ukubwa, sarafu ya shilingi 200 au kiganja cha aliyesuka, na kwenye maelezo tunaandika vipimo vya futi kamba, kimo na upana. Na tunaituma kama faili, kwa kuwa WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida inaibana na kuula ule unyuzi tulioutafutia pembe asubuhi nzima.

Nchi hii ina historia yake na kamera, na huwa naifikiria nikiwa nimeinama mezani. James Augustus Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, lakini bara ilimshinda. Picha za wakati ule zilihitaji kioo kilichopakwa dawa, kipigwe kingali kibichi na kusafishwa papo hapo, ndani ya hema dogo lenye giza. Joto la hema lile halikuvumilika, akaacha, akashika rangi za maji na kuchora. Msafara wao ulipofika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, mwaka 1861, ulikuwa msafara wa mchoraji. Malindo ya magome ya miti yaliyobebwa na wapagazi, nyungo, vinu, vyote vilipita njia hii mbele ya watu waliokuwa na hamu ya kuviona, na havikupigwa picha.

Vilipokuja kupigwa, vilipigwa kwingine. Kiti cha mwega mrefu cha mtemi wa Buruku, huku Unyamwezi, mtu akiwa amechongwa kwenye mwega wake, kiko katika jumba la makumbusho la Berlin tangu enzi za Wajerumani. Picha yake imechapishwa katika vitabu vingi vya sanaa ya Afrika. Ni picha nzuri: nyuma ni tupu, mwanga ni wa ubavuni, alama za tezo zinahesabika. Jina la mchongaji halipo. Mtu alikaa na gogo lile, akaamua kichwa kitokeze wapi na mikono ishuke vipi, mwanga umemfuata mpaka kwenye kila pigo la tezo, na hatumjui.

Kwa Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, najifunza kinyume cha hilo. Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akawa anapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao ametundika shuka la kitanda chake. Waliokaa mbele yake walijua wanapigwa picha na walijua wanataka waonekane vipi. Sisi nyuma ya vikapu hatuweki vitenge, maana maua hugombana na ukili, lakini msukaji yupo mezani wakati wote, ndiye anayesema upande gani ni mbele. Kila kitu kina mbele yake, hata kikapu cha duara, na anayeijua ni aliyekitengeneza. Na kila picha inatoka na jina la aliyekifanya, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwenye kipande cha karatasi kilicholazwa pembeni. Kikundi kilibishana juu ya hilo jioni nzima. Wengine waliona ni majivuno. Mzee wa vigoda alisema yeye kazi yake inajulikana bila jina. Shangazi akamuuliza inajulikana mpaka wapi. Mpaka Usoke kituoni, akasema. Shangazi akamsogezea kalamu.

Sasa mimi niko mbali nao kwa sehemu kubwa ya mwaka, na anayepiga ni binti wa shangazi. Ana jicho kunishinda, hasa kwa vyungu. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba dirisha la sebuleni limeanza kuleta jua mezani na shuka halitoshi, akauliza aongeze shuka la pili au afanyeje. Nilimjibu kwamba Desemba inaingia, ahamie stoo, dirisha la kaskazini, na meza ndogo itapita mlangoni ikilazwa ubavu. Akajibu kwamba stoo imejaa mahindi. Wanayatoa Jumamosi.